Nilivyopona kwa Siku Saba

Kila asubuhi, kabla sijafungua macho, nayaomba radhi. Usinicheke. Nalala na bakuli la maji kando ya kitanda. Nachovya vidole viwili, nalowesha kope, nangoja, nalowesha tena, halafu nafungua jicho moja kwa upana wa uzi. Siku moja nilijisahau nikayafungua kwa pupa kama binadamu wengine. Kope ilibandua kitu juu ya jicho, nikakaa sakafuni nimejishika uso mpaka kengele ya kanisa ikalia mara ya pili. Na ukinitazama huoni jeraha wala usaha. Macho mazuri tu, wanasema watu, mbona hata mekundu si sana!

Mimi ni Zenebech, mjane wa Worku, mama yake Endale. Nakaa hapa Debre Berhan, mji ambao Mungu aliufungulia upepo akasahau kuufunga. Maumivu haya yana miaka sita sasa. Yalianza mwaka ule hedhi yangu ilipokoma, nami nikadhani ni vumbi. Asubuhi ni mchanga chini ya kope. Kufika mchana ule mchanga umekuwa pilipili. Jioni hata taa ya chumbani inanichoma, basi nakaa gizani kwangu mwenyewe kama mwizi. Kupepesa kunauma, na kutopepesa kunauma zaidi. Sasa niambie wewe, mtu afanyeje?

Daktari wa Addis Ababa aliniwekea vipande vya karatasi kwenye kope, nikakaa navyo dakika tano vikining'inia usoni. Akavitoa, akavipima kwa rula.

“Mama, machozi yako hayatoshi. Na hayo machache yanakauka upesi mno.”

“Dawa yake?”

“Matone. Utakuwa unatia.”

“Mpaka lini, mwanangu?”

Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. “Utazoea,” akasema.

Miaka sita sijazoea. Nani amezoea kukanyagwa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yule kijana alikuwa na macho mabichi kabisa, yanang'aa.

Halafu kuna kituko kingine. Macho haya haya makavu, ukiyachokoza kwa moshi au upepo, yanamwaga maji kama mfereji. Ni maji tu, hayalainishi kitu, yanapita zake mashavuni na kuniacha na moto wangu. Lakini nikitaka kulia kwa uchungu wa moyo, hakuna kitu. Tulipomzika Worku, miaka mitatu iliyopita, wanawake walijipiga vifua, wakachakaza sauti. Mimi nilisimama mbele ya kaburi la mume niliyempenda tangu nina miaka kumi na saba, nimekauka uso mzima. Ndani nilikuwa nabomoka. Watu hawaoni ndani. Mji ukasema Zenebech hana huruma, kazikwa mumewe hata tone halikumtoka.

Hayo maneno yangeniishia mimi, ningeyameza. Lakini nina mtoto mmoja tu, Endale, seremala, miaka thelathini na sita. Posa yake ya kwanza ilikataliwa bila sababu, nami sababu niliijua. Mwaka jana akampata Wubit, karani wa posta, msichana wa kucheka kwa sauti. Tukatuma wazee watatu kwao kama ilivyo desturi, wakasimama mlangoni mpaka wakaambiwa kaeni, wakarudi na jibu: wamekubali, ila mama wa kijana aje kwanza anywe kahawa, Jumapili baada ya kanisa. Wanitazame, yaani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Endale akaja kukaa kitandani kwangu, anachezea kidole gumba.

“Mama, nina ombi. Usiseme habari ya macho.”

“Kwa nini? Nimeiba?”

“Bibi yake, Emahoy Askale, anachunguza watu mpaka kizazi cha saba. Akisikia ugonjwa, atasema ni wa ukoo. Atasema wajukuu watazaliwa vipofu.”

“Mimi si kipofu, Endale.”

“Najua, mama. Ni moshi wa kahawa tu. Vikombe vitatu tu, halafu tunaondoka.”

Moshi tu! Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Lakini sauti yake ilikuwa inakwaruza, na nikaona nywele mbili nyeupe juu ya sikio lake. Nikamwambia, “Nitakaa mpaka kikombe cha tatu. Hata kama macho haya yatatoka yakaanguka kwenye kikombe, nitakaa.”

Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Kwao Wubit walikuwa wametandaza majani mabichi sakafuni, ubani unafuka kwenye kigae, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Nilipovuka kizingiti tu, macho yakasema, bibi, umetuleta wapi. Nilikuwa nimetia matone nje, nyuma ya ukuta, na kichupa nimekificha kifuani. Nikabusiana na watu, bega kwa bega. Emahoy Askale alikuwa kitini pembeni. Ni mjane aliyejivika kofia ya utawa kama wafanyavyo vikongwe wetu, ndiyo maana wanamwita Emahoy, mdogo kama kuku, na alinishika mkono asiuachie.

“Kaa hapa karibu yangu, Mama Endale. Nikuone vizuri.”

Karibu yake ndiyo karibu na ubani. Nikakaa.

Wubit akakaanga kahawa. Buni zikaanza kupasuka, zikatoa ule moshi mzito wa mafuta, kisha akainuka na kikaango mkononi apitishie wageni, kila mmoja auvute kwa kiganja na amsifu mkaangaji. Alianza na mimi kwa heshima. Akapiga goti. Uso wake ulikuwa umejaa woga na furaha, anangoja neno langu. Ningegeuza uso wakati ule, ningekuwa nimemtemea mate.

Nikainama, nikavuta.

Siwezi kukueleza. Jaribu kufikiri umechubuka goti, halafu mtu akalipaka pilipili, na hilo goti ndilo jicho lako. Nikasema, “Ehee, harufu gani hii, binti yangu, mikono yako ibarikiwe,” na wakati nasema hayo maji yakafunguka. Yalishuka mashavuni, yakafika kidevuni, yakadondokea shela yangu nyeupe. Nikajikaza kisabuni. Kikombe cha kwanza nikanywa. Cha pili nikanywa nusu nimefumba macho, watu wakinyamaza mmoja mmoja.

“Mama Endale,” akasema Emahoy, “unalia?”

“Namkumbuka Worku,” nikasema. “Angependa kuiona siku hii.”

Uongo mzuri, sivyo? Ungetosha kwa watu wengine. Lakini shangazi yake Wubit, mwanamke mnene wa kutafuna bisi bila kufunga mdomo, akaweka bakuli chini.

“Worku? Mimi nilikuwa kwenye mazishi ya Worku. Nilisimama karibu yako kama hivi. Hukulia.”

“Shangazi!” Wubit akasema.

“Nasema nilichoona. Mume anazikwa, kimya. Leo anaonja kahawa ya mtoto wetu, machozi mpaka kifuani. Nuksi gani hiyo? Kama hamtaki binti, si aseme?”

Nikamtafuta Endale. Nilimwona kama mtu aliye chini ya maji, rangi ya shati tu. Shati halikutikisika. Ningenyamaza, posa ilikuwa imekufa. Ningetoka nje, kabla ya kikombe cha tatu ambacho ndicho cha baraka, ingekufa vilevile. Nikasema basi, liwalo na liwe.

“Ni ugonjwa,” nikasema. “Macho yangu ni makavu. Yanauma asubuhi mpaka usiku, miaka sita. Haya si machozi, ni maji tu. Ya kweli hayapo, yangekuwepo ningemlilia mume wangu. Na binti yenu nampenda. Nisameheni.”

Mkaa ukalia kwenye jiko. Halafu Emahoy Askale akapiga makofi.

“Kumbe mgonjwa! Mgonjwa tu! Mungu asifiwe, mimi nilidhani ana chuki. Chuki haina dawa, ugonjwa unayo. Una dawa gani wewe?”

“Ya matone.”

“Iko wapi?”

Nikatoa kichupa kifuani. Kilikuwa cha mwisho, ndugu yangu alikitafuta Addis Ababa wiki mbili. Akakichukua, akakigeuzageuza mbele ya mwanga, akakitia kwenye mfuko wa gauni lake.

“Nakutunzia. Maji ya baraka hayachanganywi na dawa za dukani, hayapendi ushindani. Utakwenda kule mlimani kwenye chemchemi, siku saba. Ukirudi umepona, tunapanga harusi baada ya mfungo. Na hao wajukuu hatutakuwa na wasiwasi nao.” Akanigonga goti. “Kunywa cha tatu sasa, binti yangu.”

Nani angemwambia hapana? Alikuwa ananipenda! Chumba kizima kilikuwa kinanipenda. Endale alipumua kwa sauti mpaka nikamsikia. Nikanywa cha tatu.

Sasa nisikilize vizuri, sitaki dhambi. Sisemi yale maji hayana nguvu. Nimewaona kwa macho haya haya watu walioletwa wamebebwa wakashuka mlima kwa miguu. Padri wa pale hata hakuniuliza kama nina dawa, ile sheria ilikuwa ya Emahoy. Niliomba kwa moyo wote. Kila alfajiri tulipanga mstari tukitetemeka, hatujala, upepo wa Debre Berhan unapita katikati ya mifupa, na zamu yangu ikifika nilifungua macho kwa makusudi, nimeyakodoa, maji ya barafu yanipige ndani. Nilipiga kelele. Wanawake waliokuwa nyuma yangu wakasema vizuri, pepo linatoka, linatoka.

Siku ya tatu sikuweza kutazama mwanga. Siku ya tano nilijifunga shela kichwani nikawa naongozwa mkono kwenda kujisaidia. Usiku sikulala, nilisikia kope zinavyokwangua, ndiyo, zinasikika. Nikamwuliza Mungu nimekukosea nini, nikamwuliza tena kwa ukali zaidi, kisha nikamwomba msamaha kwa ule ukali. Sikuwa na pa kwenda. Dawa iko kwenye mfuko wa gauni la ajuza, na mwanangu yuko kwenye mfuko huohuo.

Siku ya saba wakapanda wote kunichukua: Emahoy, Wubit, yule shangazi wa bisi, na Endale amevaa koti la baba yake. Walisimama jua likiwa nyuma yao, nami nikajilazimisha kuinua uso. Nilikuwa nimeomba saa nzima nipate dakika mbili za kufungua macho bila kukunja sura. Dakika mbili tu. Hizo nilizipata kwa meno.

“Haya,” akasema Emahoy. “Umepona?”

Midomo ya Endale ilikuwa inatembea, anaomba.

“Nimepona,” nikasema.

Loo, vigelegele! Emahoy alibusu udongo. Wubit alinirukia shingoni akalia, machozi yake yakaniingia kwenye jicho la kushoto, na Mungu anisamehe, yalikuwa matamu, yenye chumvi laini, nikatamani asiondoke. Kile kichupa Emahoy alikipasua kwa jiwe mbele ya watu wote, kumshukuru Mungu.

Harusi ilikuwa nzuri. Hiyo sitaki kuisimulia.

Sasa Wubit anaishi kwangu, na ni mtoto mwema, ndiyo balaa lenyewe. Akitoka posta kila jioni anatandaza majani, anawasha mkaa, anakaanga kahawa, na mimi ndiye wa kwanza kuletewa kikaango.

“Vuta, mama, vuta! Miaka sita uliikosa raha hii.”

Navuta. Yakishuka, nasema ni furaha. Vikombe vitatu. Endale anatutazama anatabasamu. Mara moja tu alinifuata jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mama, kweli umepona, eh?” Nikamtazama. Nikaona alivyokuwa anaogopa jibu. Nikamwambia nenda kakae na mkeo. Akaenda haraka haraka.

Ndugu yangu alinitumia kichupa kingine kwa siri, nikakizika kwenye pipa la shayiri. Nilikuwa natia matone chooni, mlango nimeuegemea. Kikaisha wiki tatu zilizopita. Nimezunguka maduka yote ya dawa hapa mjini na shela usoni nisijulikane, jibu ni moja: haijaingia, mama, ulizia mwezi ujao.

Jumanne akaja mgeni. Debritu, mfuma mablanketi wa mtaa wa chini, miaka arobaini na kitu, ametumwa na Emahoy Askale aje kwa mwanamke aliyepona. Nimeshakuwa jina. Alikaa mbali na jiko, amegeuzia mlango uso, nami nikajua kabla hajafungua mdomo.

“Dada Zenebech, sijui nianzie wapi. Watu wananiona mzushi. Mume wangu anasema nakwepa kazi.” Akacheka kidogo, kwa aibu. “Mimi nalala na bakuli la maji kando ya kitanda. Asubuhi nalowesha kope kwanza. Ukimwambia mtu, anakucheka.”

Nikaweka kikombe chini. Miaka sita! Miaka sita nilikuwa natafuta mtu mmoja chini ya jua hili, na huyu hapa, kwenye kigoda changu, na bakuli lake.

“Inaanza mchanga,” nikasema.

“Mchanga!” Akaruka. “Halafu mchana...”

“Pilipili.”

“Pilipili, ndiyo! Na taa, dada, taa ya usiku!” Alikuwa amenishika mikono yote miwili. “Basi nawe ulikuwa hivi hivi. Hivi hivi kabisa, ukapona.”

Wubit alikuwa anapepea mkaa, amefurahi kama mtu anayegawa sukari. “Msimulie, mama! Msimulie siku saba.”

Nikamsimulia. Mstari wa alfajiri, maji, kukodoa macho. Sikuongeza kitu, nilikata mwisho tu. Akauliza, “Na dawa?” Wubit akamjibu kabla yangu, “Dawa aliiacha. Ndiyo sharti.” Mimi nikanywa kahawa.

Nikamsindikiza. Pale getini tulikuwa wawili tu. Upepo unavuma, wote wawili tumeinamisha vichwa namna ileile, kama ng'ombe wa zizi moja. Ningeweza kumwambia. Wubit alikuwa ndani anaosha vikombe, nilisikia vinagongana. Neno moja tu: usiiache dawa yako, dada, mimi sikupona. Lilikuwa limefika kwenye meno.

Na lingekuwa limefika kwa Emahoy kabla ya jua kuzama, maana mtu kama Debritu angerudi kumwuliza kwa nini alimtuma. Na Wubit ana mimba ya miezi minne.

“Nishikie hii,” akasema Debritu, akaniwekea kitu kiganjani. “Nikienda nayo nitashawishika. Nitupie wewe.”

Kichupa. Nilikijua kwa vidole kabla ya kukitazama. Karibu kimejaa, hajatumia hata robo. Matone yaleyale ambayo mji mzima haunayo.

“Siku saba zitapita upesi,” nikasema, na nikafunga kiganja.

Alinibusu mabega yote mawili, akaenda zake ameshika ukuta.

Alianza Alhamisi. Leo ni Jumapili, siku ya nne, siku ambayo usiku wake haulaliki. Asubuhi nimelowesha kope, nimeingia chooni, nimetia tone moja kila jicho. Lilikuwa baridi, nikauona mlango, nikaona msumari na kutu ya msumari, dakika ishirini nzima bila kuuma. Jumatano watapanda mlimani kumchukua, mume wake na watoto na Emahoy Askale mbele. Watamwuliza kama amepona. Jibu lake nalijua.